Pezi Refu, Pezi Fupi: Namna ya Kuharakisha Hesabu za Joto Maumbo Yanapobadilika

Injini ya bodaboda, ile ya cc 100 hadi 150, mara nyingi haina rejeta. Kinachoipoza ni upepo unaopita katikati ya mapezi ya alumini yaliyoizunguka silinda. Anayeibuni ana maswali ya kujibu: pezi liwe refu kiasi gani, nene kiasi gani, na kati ya pezi na pezi paachwe nafasi ipi? Akibadilisha kimoja tu, joto linagawanyika upya katika metali nzima, na kompyuta iliyokuwa imeshamaliza kazi inarudi mwanzo.

Gharama ya kurudi mwanzo si ndogo. Mlinganyo wa joto unajulikana tangu Joseph Fourier alipochapisha kitabu chake mjini Paris mwaka 1822, lakini kwa umbo lenye kona, matundu na mikunjo hautatuliki kwa kalamu. Kompyuta hulifunika umbo hilo kwa wavu wa vipande vidogo vidogo, kisha hutafuta joto la kila nukta ya wavu. Silinda yenye mapezi yake yote inaweza kudai nukta laki kadhaa. Ikiwa hesabu moja inachukua dakika 20, mbunifu anayetaka kulinganisha maumbo 3,000 atahitaji saa 1,000, yaani zaidi ya siku 41 za kompyuta kufanya kazi usiku na mchana.

Hapo ndipo modeli ndogo inapoingia. Nukta laki tatu zinaonekana kama mambo laki tatu tofauti, lakini mapezi yanayofanana hupoa kwa namna zinazofanana: moto uko shinani, unapungua kuelekea nchani, na penye kona kuna mabadiliko ya ghafla. Namna hizo, au ruwaza, ni chache. Mwaka 1987 Lawrence Sirovich, aliyekuwa akichunguza mtiririko wenye misukosuko, alionyesha njia nyepesi ya kuzipata. Hesabu kamili chache hufanywa, matokeo yake huchukuliwa kama picha, kisha aljebra huchambua ruwaza zinazojirudia na kuzipanga kwa uzito. Baada ya hapo, hesabu ya pezi jipya haitafuti tena joto la nukta laki tatu. Inatafuta tu kila ruwaza ichukuliwe kwa kiasi gani. Kwa matatizo mengi ya joto la namna hii ruwaza 10 hadi 20 zinatosha, na jibu hutoka chini ya sekunde moja.

Umbo lisipobadilika, kazi hiyo imeshazoeleka. Ugumu huanza umbo linapobadilika. Mhandisi anaweza kuwa na programu nzuri na hesabu sahihi, akakwama kwa sababu hakuamua mapema jinsi maumbo yake yatakavyolinganishwa. Uamuzi huo ndio unaostahili muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Kupima faida kabla ya kuanza

Modeli ndogo hudai malipo ya awali. Picha 60 za mafunzo, kila moja kwa dakika 20, ni saa 20 za kompyuta kabla jibu la kwanza la haraka halijapatikana. Mwenye maumbo 30 tu ya kulinganisha atapata hasara, kwani hesabu kamili zingekwisha kwa saa 10. Mwenye maumbo 3,000 anafaidika sana. Anafaidika pia anayetaka kukisia joto la ndani ya silinda kutokana na vipimajoto vilivyobandikwa nje, kwa kuwa kazi hiyo hurudia hesabu ileile mara maelfu. Hali ni hiyohiyo kwa anayetaka kompyuta ndogo idhibiti tanuri papo kwa papo.

Kuna pia maswali ambayo hayahitaji modeli ndogo wala kubwa. Pezi jembamba lililonyooka lina fomula yake katika vitabu vyote vya uhamishaji wa joto. Chukulia aloi ya alumini inayopitisha joto kwa wati 150 kwa mita kwa kila digrii, unene wa milimita 2.5, na upepo unaochukua wati 40 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii. Pezi la milimita 30 litakuwa na ufanisi wa asilimia 94 hivi, likilinganishwa na pezi ambalo lingekuwa na moto uleule wa shinani mpaka nchani. Pezi la milimita 60 litashuka hadi asilimia 80. Urefu umeongezeka maradufu, lakini joto linalotolewa limeongezeka kwa asilimia 71 tu. Kikokotoo cha kawaida kinatosha kupata hayo, na namba hizo zihifadhiwe: baadaye zitakuwa kipimo cha kwanza cha kukagua modeli.

Fomula hufika mwisho wake pale tundu la boliti linapokata njia ya joto, mapezi yanapopishana kwa upana, au ukuta wa silinda unapokuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Hapo hesabu kamili haikwepeki, na maswali yakiwa mengi, modeli ndogo inalipa.

Umbo mama

Kosa linalofanyika kwa urahisi ni kuchora wavu upya kwa kila umbo. Programu ya kuchora wavu inaweza kulipa pezi fupi nukta 8,000 na pezi refu nukta 11,000. Nukta ya 500 itakuwa shinani kwenye pezi moja na nchani kwenye jingine. Safu hizo mbili za namba hata hazina urefu mmoja, na anayezilazimisha zikae pamoja ili aljebra itafute ruwaza analinganisha shina la huku na ncha ya kule. Ruwaza zinazotoka humo hazina maana ya kifizikia.

Dawa yake ni umbo mama. Umbo moja huchaguliwa, huchorewa wavu mmoja, na kila umbo jingine hupatikana kwa kulinyoosha au kulibana hilo bila kukata wala kuunganisha, kitendo kinachoitwa mgeuzo. Fundi cherehani hufanya hivyohivyo anapotumia kiolezo kimoja cha karatasi kukata shati la mtoto na la baba yake: bega hubaki bega, kwapa hubaki kwapa. Nukta ya 500 ikiwa nchani kwenye umbo mama, itabaki nchani kwenye maumbo yote.

Umbo mama lina faida nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Kandokando ya kona kali joto hubadilika ghafla. Kona hiyo ikikaa mahali pamoja kwenye umbo mama, ruwaza moja au mbili zinaweza kuyabeba mabadiliko hayo kwa maumbo yote. Ikihamahama, kila mahali papya panadai ruwaza mpya, na modeli iliyotarajiwa kuwa na ruwaza 15 inafika 150. Uchomeleaji kwa leza una tatizo hilohilo, kwa sababu chanzo cha moto kinatembea. Andrei Kolmogorov aliweka mwaka 1936 kipimo cha kihisabati kinachoonyesha jinsi ruwaza chache zinavyoweza kuwakilisha mkusanyiko wa majibu mengi. Majibu yenye kitu kinachosafiri ndiyo yanayofanya vibaya kwenye kipimo hicho. Suluhisho ni mgeuzo unaofuata chanzo, ili kwenye umbo mama kionekane kimetulia.

Pezi moja kwa karibu

Mfano wa pezi la mstatili unaonyesha jinsi umbo mama linavyookoa kazi. Umbo mama lina urefu wa 1 na unene wa 1. Pezi halisi lina urefu L na unene t. Pezi likirefushwa, mteremko wa joto kufuata urefu wake hupungua mara L, lakini eneo la metali huongezeka. Vikiwekwa pamoja, sehemu ya mlinganyo inayohusu joto linalosafiri kutoka shinani kwenda nchani huzidishwa kwa t gawanya kwa L. Sehemu ya joto linalokatiza unene huzidishwa kwa L gawanya kwa t. Joto linalochukuliwa na upepo kwenye nyuso mbili pana huzidishwa kwa L, na lile linalotokea nchani huzidishwa kwa t.

Mlinganyo mzima basi ni jumla ya matriksi nne, kila moja na kizidisho chake. Sifa za metali na za upepo nazo huingia kwenye vizidisho hivyo. Ndani ya matriksi zenyewe hamna L wala t. Zinahesabiwa mara moja tu juu ya umbo mama, kisha kila moja hubanwa kwa kutumia ruwaza. Ruwaza zikiwa 12, kila matriksi inakuwa jedwali dogo la namba 12 kwa 12.

Kuanzia hapo, pezi jipya ni suala la kuzidisha majedwali manne kwa namba nne, kuyajumlisha, na kutatua milinganyo 12. Hakuna hatua inayogusa tena wavu mkubwa, na hata simu ya mkononi ina nguvu za kutosha. Kazi nzito yote inabaki upande wa maandalizi, na upande wa matumizi unabaki mwepesi. Mgawanyo huo ulienezwa na kundi la Anthony Patera wa MIT na Yvon Maday wa Paris, hasa kupitia makala yao ya mwaka 2002. Mfano uliotumika sana kuufundishia ni pezi la joto lenye nguzo ya katikati na mapezi manne yaliyotoka pembeni.

Mbunifu anayeanza afanye zoezi hili kwa mkono wake kabla ya kugusa umbo gumu. Aandike vizidisho vyote kwenye karatasi, kisha ajaribu L mbili na t mbili. Jumla ya matriksi nne na matriksi iliyojengwa moja kwa moja juu ya pezi halisi zilingane mpaka tarakimu za mwisho. Zisipolingana, kosa liko kwenye mgeuzo, na hakuna wingi wa picha za mafunzo utakaolitibu.

Umbo linapokataa kunyooshwa

Mapezi yaliyopinda hayatoi vizidisho vinne safi. Mgeuzo wake hubadilika kutoka nukta hadi nukta, na L haitengani tena na mahali. Mwaka 2004 Barrault, Maday, Nguyen na Patera walipendekeza njia ya kutoka: kizidisho hicho chenye usumbufu kichunguzwe kwenye nukta chache zilizochaguliwa kwa makini, kisha kikadiriwe kwa jumla ya vipande vinavyotengana. Chaturantabut na Sorensen wa Rice University walitoa mwaka 2010 njia ya ukoo huohuo kwa milinganyo isiyo ya mstari. Hiyo inamhusu moja kwa moja anayeshughulika na tanuri, kwa kuwa joto la mnururisho hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto na haliwezi kupuuzwa penye moto mkali.

Kuhusu kulinyoosha umbo lenyewe, mbinu moja ya zamani bado inafanya kazi vizuri. Sederberg na Parry walionyesha mwaka 1986, katika fani ya michoro ya kompyuta, jinsi ya kulizingira umbo kwa fremu ya vidhibiti vichache. Vidhibiti vikisogezwa, umbo lote na wavu wake vinafuata. Vidhibiti vichache maana yake ni vigezo vichache, yaani namba chache za kubadilisha umbo, na hiyo ni nafuu kubwa wakati wa kukusanya picha.

Jambo moja likaguliwe kila mara: vipande vya wavu visipinduke. Umbo linapobanwa mno, kipande kinaweza kujikunja na eneo lake likawa hasi, au kikawa chembamba kama sindano. Programu ikikubali kuendelea, majibu yake hayana thamani. Kabla ya hesabu yoyote, maumbo ya mwisho kabisa ya kila kigezo yachorwe, na eneo dogo kuliko yote kwenye wavu lisomwe.

Kuna mabadiliko ambayo hakuna mgeuzo unaoweza kuyabeba. Silinda yenye mapezi matano haiwi na sita kwa kunyooshwa, na bati lisilo na tundu halipati tundu kwa kubanwa. Hapo inafaa kuacha kufikiria silinda nzima. Pezi moja pamoja na kipande chake cha ukuta lifanyiwe mafunzo peke yake, kisha vipande viunganishwe kwenye mipaka yake kwa idadi inayotakiwa. Wahandisi wa mitikisiko huunganisha modeli ndogo namna hii, kama katika kazi ya Craig na Bampton ya mwaka 1968. Huynh, Knezevic na Patera waliiendeleza mwaka 2013 kwa maumbo yanayobadilika.

Picha za mafunzo

Vigezo vitano vikipewa thamani kumi kila kimoja, maumbo yanafika 100,000. Hakuna anayeweza kuyahesabu yote, na hakuna haja. Upangaji wa sampuli unaotawanya nukta kwa usawa, kama ule uliochapishwa na McKay, Beckman na Conover mwaka 1979, hutoa picha nzuri kwa idadi ndogo. Pembe za eneo la vigezo ziongezwe kwa makusudi: pezi refu na jembamba kwenye upepo mkali, pezi fupi na nene kwenye upepo hafifu. Maumbo ya katikati hukadiriwa vizuri hata yasipofundishwa. Ya pembeni ndiyo yanayoumbua modeli.

Njia bora zaidi ni kuiacha modeli ichague. Jibu lake la haraka hurudishwa kwenye mlinganyo kamili ili kuona salio, yaani kiasi ambacho mlinganyo haukutimia. Umbo lenye salio kubwa kuliko yote ndilo linalofanyiwa hesabu kamili inayofuata. Kwa mpitisho wa joto kuna hata uthibitisho wa kihisabati unaogeuza salio hilo kuwa dari ambayo kosa haliwezi kuipita.

Kila picha ihifadhiwe kwenye diski papo hapo inapomalizika, pamoja na vigezo vyake na toleo la wavu. Kazi ya usiku kucha haipaswi kupotea kwa sababu umeme umekatika alfajiri.

Programu isipofunguka

Wahandisi wengi hutumia programu za kulipia ambazo haziruhusu mtu kuzifikia matriksi zake. Kwao ipo njia ya nje: picha hukusanywa, ruwaza hutolewa, kisha kiasi cha kila ruwaza hukisiwa kutokana na vigezo kwa takwimu au kwa mtandao wa nyuroni, kama walivyofanya Hesthaven na Ubbiali mwaka 2018. Umbo mama linahitajika hapa vilevile, kwa sababu picha lazima zilingane nukta kwa nukta.

Njia hiyo ni nyepesi kuanzisha, lakini mlinganyo wa joto haumo tena ndani yake. Hakuna kinacholilazimisha joto linaloingia shinani lilingane na joto linalochukuliwa na upepo. Mtumiaji alinganishe viwango hivyo viwili kwa kila jibu. Hesabu hiyo ni fupi, na tofauti kubwa ni dalili ya mapema kwamba modeli imepotea njia.

Ukaguzi

Ripoti nyingi husema ruwaza zilizobaki zimebeba asilimia 99.9 ya nishati, yaani ya jumla ya miraba ya namba zote za picha. Namba hiyo inafurahisha kuliko inavyostahili. Kilichoachwa ni 0.001, na kipeuo chake cha pili ni kama 0.032. Maana yake kosa la wastani kwenye picha zenyewe za mafunzo ni asilimia 3 hivi. Pezi lililo juu ya hewa kwa digrii 120 linaweza kukosewa kwa digrii 4 kwa wastani, na zaidi ya hapo penye kona.

Namba hiyo hudanganya zaidi halijoto inapoandikwa kwa kelvini. Hewa ya nyuzi 30 tayari ni kelvini 303, na sehemu hiyo isiyobadilika inajaza karibu nishati yote. Joto la hewa liondolewe kwanza, na ruwaza zitafutwe kwenye ongezeko pekee.

Ukaguzi wa kweli hutumia maumbo ambayo modeli haijawahi kuyaona, yaliyotengwa tangu mwanzo na kuchaguliwa bila mpangilio. Kosa kubwa kuliko yote liandikwe pamoja na wastani, kwa sababu metali huungua mahali palipo na moto zaidi, bila kujali wastani. Kisha ile fomula ya pezi jembamba irudishwe mezani: kwa milimita 30 na milimita 60, modeli itoe ufanisi unaokaribiana na asilimia 94 na 80.

Zana na makabidhiano

Gharama ya programu haipaswi kumzuia mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura. Gmsh huchora nyavu, FEniCS hutatua mlinganyo kamili, na PyGeM hugeuza maumbo. RBniCS, iliyotoka taasisi ya SISSA ya Trieste nchini Italia, na pyMOR hujenga modeli ndogo. Zote ni za bure na hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ikiwa umbo la kuanzia ni la pande mbili. Mpangilio mzuri wa kujifunza ni pezi la mstatili lenye vigezo viwili, kisha tundu la boliti linalohama, kisha pezi lililopinda, na mwisho silinda nzima.

Modeli inapokabidhiwa kwa mtu mwingine, iende na ukurasa mmoja wa maelezo: mipaka ya kila kigezo, wavu uliotumika, idadi ya picha na ya ruwaza, kosa kubwa lililoonekana na umbo lililolitoa. Mipaka hiyo iandikwe pia ndani ya programu yenyewe. Ikiwa mafunzo yalikuwa ya mapezi ya milimita 20 hadi 60, ombi la pezi la milimita 75 likataliwe kwa ujumbe unaotaja sababu. Pezi hilo lifanyiwe hesabu kamili, na matokeo yake yaingizwe kwenye picha za mafunzo ya toleo linalofuata.